Nimeshiba, Ahsante

"Mpaka Ijumaa, saa sita mchana," alisema afisa wa ustawi wa jamii, na Mzee Mwadini Faki akajua kwamba binti yule hakuwa mtu mbaya, kwa sababu alipoitamka siku hiyo alishindwa kumtazama usoni. Wakati huo ilikuwa Jumanne alasiri.

Walikuwa watatu katika chumba kidogo kando ya wodi. Mezani palikuwa na boksi la karatasi laini za kufutia machozi, limefunguliwa tayari, karatasi moja imechomoza, kana kwamba kilio nacho kilikuwa kwenye ratiba. Mzee Mwadini aliketi wima ndani ya koti lake la sufi, kofia yake ya viua ameipakata. Binti yake, Raya, aliketi ubavuni mwake na mkoba wake wa kazini. Aliyekuwa akizungumzwa, Bi Mwatima, mke wa mmoja na mama wa mwingine, alikuwa amelala nyuma ya ukuta, nyonga yake imetiwa chuma, akili yake ikienda na kurudi kwa saa zake yenyewe.

"Nyumbani hawezi kurudi," aliendelea afisa. "Mnakaa ghorofa ya nne na lifti hakuna. Kumnyanyua tu kunataka watu wawili. Anahitaji nyumba ya kutunzia wazee yenye wauguzi usiku na mchana. Mkiichagua wenyewe, vizuri. Msipochagua, halmashauri itampeleka popote patakapopatikana nafasi."

"Popote ni wapi?" aliuliza Raya.

"Wiki iliyopita ilipatikana Margate."

"Margate! Kwa treni ni karibu saa mbili!"

"Ni pwani," alisema afisa, akitafuta la kufariji. "Kuna bahari."

"Mke wangu ameshaiona bahari," alisema Mzee Mwadini.

Afisa aligeuza ukurasa wa faili, akaugeuza tena. Palikuwa na jambo jingine. Alisukuma mbele yao karatasi iliyopigwa mistari, kila mstari na tarehe yake, na kila tarehe milo mitatu. Kwenye nafasi za majibu, kwa miandiko mbalimbali, lilikuwamo neno moja tu, likishuka kutoka juu mpaka chini: Amekataa. Amekataa. Amekataa. Bi Mwatima alikuwa amefika kilo arobaini na moja.

"Daktari anaona ugonjwa wa kusahau umefika pale ambapo mtu hupoteza hamu ya kula," alisema polepole. "Mkichagua nyumba, chagueni mkijua hivyo. Akiendelea hivi tunazungumzia wiki, si miezi."

"Mke wangu anakula. Jana kala ndizi mbili."

"Kutoka mkononi mwako, ndiyo. Lakini chakula hali, Bwana Faki. Anaulizwa kila mara, na kila mara anakataa."

Mzee Mwadini hakuwahi kumwona akiulizwa. Wakati wa milo mlango wa wodi hufungwa na tangazo huwekwa, kwamba wageni wasubiri nje ili wagonjwa wale kwa utulivu. Yeye huingia sahani zikishaondolewa.

Alipotoka chumbani mle alikwenda moja kwa moja kitandani.

"Hujambo, Bi Mwatima?"

"Sijambo. Umekuja na basi?"

"Nimekuja na basi. Nimekuletea ndizi."

"Ahsante, nimeshiba."

"Kula, wee mwanamke. N'shaimenya."

"Wala sina njaa mie."

"Basi nusu. Utaniudhi."

"Haya, lete, usije ukalia mbele za watu." Akaila yote, kisha akawa anautazama mfuko, kuangalia kama imo nyingine.

Mzee Mwadini hakuyatia maanani maneno hayo. Kwa miaka arobaini na minne hivyo ndivyo walivyokuwa wakizungumza mezani.

*

Mzee Mwadini alikuwa mtu wa kuamini karatasi. Alipofika London, kijana, mchana alilala chini ya mabasi gereji akifungua nati, na jioni alijibana kwenye dawati la mtoto katika shule moja ya Woolwich, akisoma Kiingereza, kisha hesabu, kisha umeme. Cheti chake kilikuwa kikining'inia sebuleni mpaka leo, juu ya televisheni, na asiyekiona huonyeshwa. Imani yake ilikuwa moja: hakuna jambo ambalo mtu hawezi kulijua akikaa chini akalisoma.

Basi usiku ule, na asubuhi iliyofuata, alisoma. Raya alimchapishia ripoti za wakaguzi wa serikali kuhusu nyumba saba. Alizisoma na kamusi pembeni, akazipunguza mpaka zikabaki mbili zenye nafasi, kisha akafungua daftari jipya na kuandika maswali thelathini na mawili. Usiku hubaki wauguzi wangapi? Meneja ana muda gani kazini? Nani humkata mzee kucha za miguu? Kengele ikilia, huchukua dakika ngapi kuitikiwa? Je, ataoshwa na mwanamke mwenzake? Nyama ni ya halali? Wahudumu wanawajua wazee kwa majina, au kila mtu ni "darling"?

Jumatano asubuhi alipita dukani kwa Kailash kununua ndizi. Kailash alizaliwa Zanzibar, akaondoka baada ya Mapinduzi akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na Kiswahili chake kilibaki kilekile cha vijana wa wakati ule.

"Ohoo, mwalimu! Daftari tena? Unanunua nyumba?"

"Natafuta nyumba ya wazee. Ya Mwatima."

Kailash aliweka ndizi kwenye mizani. Akaongeza moja ambayo hakuipima. "Mimi na weye tulisema, hapahapa, kwamba mambo hayo ni ya Wazungu."

"Tulisema."

"Tulikuwa na magoti mazima siku zile." Akachungulia daftari. "Umeandika yote haya? Mbona la muhimu hulioni? Swali la thelathini na tatu: je, saa kumi jioni huleta bajia?"

Mzee Mwadini alicheka kwa mara ya kwanza tangu mkewe alipoanguka. Lakini kituoni, akisubiri basi, alifungua simu akasikiliza tena ujumbe wa shemeji yake kutoka Zanzibar, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. "Shemeji, tumesikia habari. Kumbe huko ndivyo mnavyofanya? Mtu akikulelea watoto na kukupikia miaka yote, akichoka mnampeleka kwenye nyumba ya watu? Haya. Sisi hatuna la kusema." Ujumbe ulikuwa wa dakika tatu, na wote ulikuwa wa kutokuwa na la kusema.

*

Nyumba ya kwanza iliitwa Fernhallow. Wakaguzi walikuwa wameipa daraja la juu kabisa, na cheti chake kiliwekwa mlangoni ndani ya kioo. Ilikuwa na bustani iliyofyekwa vizuri, tangi la samaki wa rangi, na chumba cha sinema chenye viti vyekundu. Mzee Mwadini alivuta pumzi ndefu makusudi: hapakuwa na harufu ya mkojo wala ya dawa ya kufichia mkojo. Akatia alama ya vema kwenye daftari.

Yeye na Raya walikuwa wamepanda mabasi mawili na kukwea kilima kwa miguu, na koo lake lilikuwa limekauka kama karatasi ya msasa. Meneja, mwanamke nadhifu mwenye sauti laini, aliwakaribisha sofani.

"Mtapenda chai au kahawa?"

"Kahawa, tafadhali," alijibu Raya papo hapo. Raya alizaliwa Woolwich.

"Na wewe, Bwana Faki?"

"Hapana, ahsante. Niko sawa."

"Sawa kabisa," alisema meneja, akatabasamu, akaagiza kahawa moja.

Ililetwa kahawa moja, na biskuti mbili kwenye kisahani cha Raya. Mzee Mwadini aliuliza maswali yake akiutazama mvuke ukipanda. Sauti ilimkwaruza. Alipofika swali la kumi na moja alikohoa, na meneja akamwuliza kwa upole kama ana mafua. Angeweza kusema: binti yangu, naomba chai. Maneno yenyewe alikuwa nayo, kwa Kiingereza safi cha shule ya jioni. Lakini mtu ameshasema hapana, tena mbele ya mwanawe. Ageuke sasa aombe, kama mtoto? Akameza mate, akaendelea na swali la kumi na mbili.

Majibu yalikuwa mazuri yote. Wauguzi wawili usiku. Meneja miaka sita. Mzee Mwadini alibonyeza kengele ya chumba kitupu, akatazama saa: dakika moja na nusu. Meneja aliwaonyesha ukumbi wa chakula, wazee wakimaliza chakula cha mchana. Mhudumu kijana alipita meza hadi meza. "Umemaliza?" alimwuliza mzee mmoja ambaye sahani yake ilikuwa haijaguswa. Mzee yule akainua mkono kidogo. Sahani ikaondoka, safi na haraka, na kijana akaandika kitu kwenye kompyuta yake ya mkononi. Mzee Mwadini alitia vema: wana mpangilio.

"Ada ni zaidi ya ile inayolipwa na halmashauri," alisema meneja mlangoni. "Familia huongeza pauni mia na themanini kwa wiki."

Walipokuwa wakiteremka kilima, Raya alimshika baba yake mkono. "Nitaongeza mimi, Baba," alisema kwa Kiingereza. Tangu utotoni alikielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. "Nitafanya kazi Jumamosi. Hii ndiyo nyumba. Umeona ile bustani?"

"Nimeiona."

"Basi mbona uso huo?"

"Kiu," alisema Mzee Mwadini.

"Si walikuuliza?"

Mzee Mwadini alilitia daftari mfukoni.

*

Alhamisi alasiri Raya alikuwa kazini, kwa hiyo Mzee Mwadini alikwenda peke yake kwenye nyumba ya pili, katika Mtaa wa Tamplin, nyuma ya soko la Lewisham. Alikwenda kwa sababu ilikuwamo kwenye daftari tu. Yeye si mtu wa kuacha ukurasa mtupu.

Ripoti ya wakaguzi ilikuwa imebandikwa ukutani, pale pale mtu anapoingia, na daraja lake lilikuwa "Inahitaji Marekebisho." Zulia la ukumbini lilikuwa limechakaa mpaka likaonyesha njia ya viti vya magurudumu. Kwenye pembe ya dari palikuwa na doa la maji, kubwa kama sinia. Alifungua daftari, kalamu tayari kutia alama za kosa.

Aliyempokea alikuwa muuguzi mkuu, mwanamke wa Kipunjabi wa miaka hamsini na ushei, msuko wake mrefu wenye mvi umelala mgongoni, bangili ya chuma mkononi. Aliitwa Parminder.

"Meneja mpya anaanza mwezi ujao," alisema kabla hajaulizwa. "Wa zamani aliondoka Februari. Ndiyo maana ripoti iko vile. Keti. Chai?"

"Hapana, ahsante. Niko sawa."

"Haya," alisema Parminder, akaondoka.

Mzee Mwadini aliketi akaanza kuandika kuhusu zulia. Akasikia maji yakimiminwa. Parminder alirudi na vikombe viwili, akaweka kimoja mbele yake, sukari kando, kijiko juu yake, akakaa mkabala naye na kuanza kunywa chake.

"Nilisema sitaki, bibi."

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Sasa iko hapo. Ukiiacha itapoa, na mimi nitasikitika." Akanywa funda jingine. "Umetoka Woolwich na baridi hii, hutaki chai? Baba mkwe wangu mzee hivyohivyo. Ukimwuliza anataka chakula anasema hapana. Mara ya kwanza sihesabu."

Mzee Mwadini alikuwa ameshashika kikombe. Kilifika nusu ya njia ya kwenda mdomoni, kikasimama hapo.

Jana hakunywa chai. Alikuwa na kiu ya kumkausha ulimi, aliulizwa kwa adabu, akajibu kwa adabu, na hakupewa. Laiti pangekuwa na karatasi yenye mistari mezani pale, mtu angeandika kwa mwandiko mzuri: Amekataa.

"Bwana Faki? Imezidi moto?"

"Hapana," alisema. "Hapana. Iko sawa." Akainywa yote bila kupumzika, na Parminder akamjazia nyingine pasipo kuuliza.

Kisha akamwuliza maswali yake thelathini na mawili, na majibu hayakuwa mazuri yote. Usiku, muuguzi mmoja na wahudumu watatu. Doa la darini? Bomba lilipasuka, fundi alikuja mara moja, anangojwa tena. Na wakaguzi walikuta nini hasa? "Sahihi za dawa," alijibu Parminder. "Dawa zilitolewa kwa wakati, lakini watu walikuwa wakitia sahihi mwisho wa zamu badala ya palepale. Ni kosa. Tumelirekebisha, ukitaka daftari la dawa nitakuonyesha, nitaziba majina." Akamwonyesha. Kengele ilichukua dakika tatu na nusu. Akaandika: tatu na nusu.

Walipopita chumba cha mapumziko, kikongwe mmoja wa Kiingereza alikuwa amelipa kisogo bakuli lake la supu. Mhudumu alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini kando yake, mikono imetulia, akizungumza habari za mbwa. Supu haikutajwa. Mzee Mwadini alisimama mlangoni akatazama saa yake, kama alivyotazama kengele. Dakika ya saba, kikongwe yule alichukua kijiko mwenyewe.

Mzee Mwadini alifunga daftari. "Naomba kutumia simu yenu," alisema, kwa sababu simu yake ilikuwa imeishiwa chaji. "Nataka kumwambia binti yangu anikute hospitali. Sasa hivi, kabla ya saa kumi na moja. Saa kumi na moja wanagawa chakula."

*

Walipofika, mlango wa wodi ulikuwa umefungwa na tangazo liko mahali pake. Raya, aliyekuja mbio kutoka stesheni, alihema. "Baba, kuna nini? Amezidiwa?"

"Piga kengele."

Nesi wa zamu, mwanamke wa Kiayalandi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alifungua nusu. "Mzee, unajua utaratibu. Saa kumi na mbili."

"Naujua, na ni mzuri. Leo nataka kusimama nyuma ya pazia, nisiseme neno, nione mke wangu anavyokataa chakula. Kesho saa sita ninatakiwa kuamua atakwenda kufia wapi. Nipe dakika tano."

Nesi alimtazama, akamtazama Raya, akafungua.

Walisimama nyuma ya pazia la kitanda cha jirani. Msichana wa chakula alikuja na kitoroli chake. Hakuwa na kiburi wala ukali. "Mwatima, mpenzi, chakula cha jioni?"

Kiingereza chote cha Bi Mwatima kilikuwa kimeshamtoka, isipokuwa kipande kimoja kilichoganda kama sumaku. "No, thank you," alisema, kwa tabasamu la mtu aliyelelewa vizuri. "Nimeshiba, ahsante."

"Hutaki kabisa? Sawa, mpenzi." Sinia likarudi kwenye kitoroli. Nesi akachukua kalamu. Yote hayakufika nusu dakika.

Mzee Mwadini alitoka nyuma ya pazia. "Muulize tena."

"Mzee, ameshakataa," alisema nesi. "Hatuwezi kumlazimisha mgonjwa. Ni haki yake."

"Hajakataa. Hajaanza kujibu bado."

"Kasema hapana, wote tumesikia."

"Kwetu hapana ya kwanza si jibu, dada yangu. Ni kama salamu. Mtoto akipokea chakula mara ya kwanza kwenye nyumba ya watu, akirudi kwao anafinywa. Huyu kafinywa miaka sabini na tano iliyopita, na hajasahau. Mengine yote kasahau, hilo hapana. Muulize tena, na ukimwuliza usiwe umesimama."

Nesi aliiweka kalamu. Alichukua sinia mwenyewe, akaliweka mezani mbele ya Bi Mwatima, akavuta kiti, akaketi. "Mwatima. Kidogo tu? Samaki mzuri leo."

"No, thank you." Lakini jicho la Bi Mwatima lilikuwa limeshuka kwenye sahani, likarudi juu.

Nesi alimgeukia Mzee Mwadini. Yeye akainua vidole vitatu.

"Nimekaa hapa kwa ajili yako," alisema nesi. "Utaniacha hivihivi?"

Bi Mwatima alishusha pumzi, kama mgeni aliyekutana na mwenyeji king'ang'anizi. "Haya," alisema kwa Kiswahili, "lete kidogo, nisije nikakuvunja moyo."

Alikula samaki. Alikula viazi vya kupondwa, ambavyo havikuwa na chumvi, akavisengenya kwa Kiswahili huku akivila. Alikula kastadi ya njano, akakwangua bakuli, kisha akageuza macho kwenye sinia la jirani. Msichana wa kitoroli alikuwa amesahau wodi nzima iliyokuwa ikimngoja.

Raya aliichukua ile karatasi yenye mistari, akashuka nayo kwa kidole, siku hadi siku. "Siku kumi na tatu, Baba," alisema, na alisema kwa Kiswahili, jambo ambalo lilimfanya baba yake ageuke. "Siku kumi na tatu alikuwa na njaa, na alikuwa anawaambia ahsante."

Nesi alichukua kalamu yake. Kwenye nafasi ya jioni ile alikuwa ameshaandika herufi tatu za mwanzo. Akazikata kwa mstari mmoja, akaandika upya: Amekula chote.

*

Ijumaa, saa tano na nusu, walikuwa tena katika chumba cha karatasi laini. Daktari alikuwa amepita asubuhi. Ugonjwa wa kusahau uko palepale, alisema, na hautarudi nyuma. Lakini lile neno lake la wiki alilifuta.

"Bado naogopa, Baba," alisema Raya. "Ile moja ni ya daraja la juu. Hii inahitaji marekebisho. Fernhallow tungewaambia tu wamuulize mara tatu, yakaisha."

"Nimewapigia asubuhi. Nimewaeleza, kwa Kiingereza, taratibu. Meneja ni mwanamke mwema, hakunikatiza. Kasema watatia maelezo kwenye faili, lakini utaratibu wao ni kuheshimu uamuzi wa mkazi, na jibu la kwanza ndilo linaloandikwa. Kile kikompyuta chao hakina mahali pa jibu la pili."

"Na Tamplin?"

"Nilimwambia Parminder. Kaniuliza: mara ngapi? Nikamwambia, tatu. Akasema, kazi nyepesi, mkwe wake hutaka nne."

Raya alicheka, akafuta jicho kwa mkono, akiliacha boksi la karatasi.

"Ile ripoti nimeisoma mara mbili," aliendelea Mzee Mwadini. "Dari, sahihi, meneja. Dari hutengenezwa. Nami nitakuwa naingia pale kila siku na daftari langu, kwa hiyo wakaguzi watakuwa wamepata msaidizi wa bure."

Afisa aliwasogezea fomu. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo kilichouliza sababu ya uchaguzi. Kwa kawaida, alisema, watu huandika tu "karibu na nyumbani." Mzee Mwadini alivua kofia ya kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa mviringo wa shule ya jioni, kila herufi na mkia wake: Huuliza mara ya pili.

*

Mtaa wa Tamplin haukuwa pepo. Katika wiki sita walipoteza sweta moja na mswaki, na Jumapili moja kengele ililia dakika tisa. Mzee Mwadini aliandika barua ya kurasa mbili, meneja mpya akaijibu kwa kurasa moja na nusu. Doa la darini lilipakwa rangi, likarudi, likapakwa tena. Ukurasa wa kwanza wa faili la Bi Mwatima ulikuwa na mistari mitatu aliyoiandika mumewe: Akikataa, uliza tena. Akikataa tena, weka sahani, kaa naye. Usimwandike mpaka mara ya tatu. Wahudumu wengine walianza kufanya hivyo kwa wazee wasiohusika kabisa na Zanzibar, na sahani nyingi zikawa zinarudi jikoni zikiwa tupu.

Ujumbe wa shemeji aliujibu kwa picha: Bi Mwatima na bakuli la pili la uji, mashavu yamejaa. Kutoka Zanzibar hakukuja neno, ila siku tatu baadaye yalifika maelekezo ya kupika uji wenyewe, maana ule wa kwenye picha ulionekana mwepesi.

Alasiri moja alimkuta mkewe kwenye meza ya dirishani. Alikuwa na kilo arobaini na sita na kanga mpya begani. Mbele yake palikuwa na buli na vikombe viwili, maana Parminder huweka viwili siku zote. Bi Mwatima aliinua uso, akamtazama, na Mzee Mwadini akaona kwamba leo hayumo katika anaowajua.

"Karibu, bwana," alisema Bi Mwatima kwa heshima. "Umetoka mbali?"

"Woolwich."

"Umekuja na basi?"

"Nimekuja na basi."

"Basi pumzika. Kunywa chai."

"Ahsante, bibi. N'shakunywa."

"Umekunywa kwa nani? Kunywa."

"Nimeshiba kweli."

Bi Mwatima alishika buli kwa mikono miwili. Chai nyingine ikaenda kwenye kisahani, lakini nyingi iliingia kikombeni. Akakisukuma kikombe kwake, taratibu, mpaka kikagusa vidole vyake.

"Mgeni gani wewe?" alisema. "Mume wangu yuko kazini, anatengeneza mabasi. Akirudi akasikia umekuja ukaondoka mkavu, nitamwambia nini? Kunywa, usinitie aibu."

Mzee Mwadini alivuta kiti, akaketi, akavua kofia.

"Haya," alisema. "Nitie kidogo tu."